Mbege yangu imetoka na harufu ya mkate. Wapishi wa mbege, nielezeni ladha yake inatoka wapi

Kihamba_Uru (mwanzisha uzi)

Wakuu, shimbonyi.

Nimezaliwa Uru, Moshi, na nimekulia humohumo kwenye migomba, sasa naishi Sakina hapa Arusha. Mwezi uliopita nilipika mbege kwa mara ya kwanza peke yangu, bila mama wala shangazi kusimama pembeni. Nilinunua mkungu wa ndizi ng'ombe soko la Kilombero, nikauvundika kwenye gunia mpaka ukaiva vizuri, nikamenya, nikachemsha mpaka rangi ikawa ya udongo mwekundu. Mpaka hapo naamini nilikuwa sawa. Shida ikaja kwenye ulezi. Kimea (ulezi ulioota) sikuwa nacho, nikachukua unga wa ulezi wa kawaida, huu wa uji wa watoto, nikaupika na kuuchanganya. Halafu kwa kuogopa kwamba haitaumuka, nikatia kijiko cha hamira.

Iliumuka, tena kwa fujo. Asubuhi povu lilikuwa limefika mdomoni mwa ndoo. Nikachota, nikaonja. Kilevi kipo na utamu upo kidogo, ila harufu ni ya mkate unaotoka tanuri, na mdomoni haina kitu, inapita kama maji ya sukari. Ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi haupo. Ule uchachu unaojaza mate nao haupo. Hata zile chembe za ulezi unazotafuna ukimaliza kumeza, zimekuwa uji tu.

Tangu siku hiyo nina jambo linanisumbua. Ukimuuliza mtu yeyote mbege ni nini, atakwambia pombe ya ndizi. Mimi nimeanza kuamini kwamba ndizi inaleta sukari, lakini mbege yenyewe ni ulezi. Hata jina linasema hivyo: kwa wazee wetu wa Kichaga mbege ni ulezi, na pombe wanaiita wari. Wenye uzoefu naomba mnifundishe. Mwezi ujao kuna pombe ya posa ya mdogo wangu na nimeomba niipike mimi.

—

Mama_Mso (Kibosho)

Mwanangu pole. Lakini hukupika mbege, ulipika uji wa ulezi na maji ya ndizi ukautia hamira. Mimi napika mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nimesomesha watoto kwa pipa hilohilo, kwa hiyo nisikilize.

Kazi yote iko kwenye kimea. Ulezi unaoshwa mpaka maji yawe meupe, unalowekwa usiku kucha, asubuhi unachuja na kuutandaza juu ya majani ya mgomba, unaufunika na majani mengine. Kila siku unanyunyizia maji kidogo kwa mkono. Siku ya tatu, na huku juu kwenye baridi hata ya nne, unakuta vimizizi vyeupe vimeshikana, ukiinua upande mmoja unakuja wote kama kipande cha mkeka. Hapo unaufikicha, unauanika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo unasaga. Kabla ya kusaga tafuna punje kumi. Zikiwa na utamu, kimea chako kizuri. Ulezi ambao haujaota hauna huo utamu hata uutafune mpaka kesho.

Huo unga ndio sisi tunaita mso. Unaukoroga kwenye maji baridi kwanza, ndipo unaweka motoni, na moto uwe mdogo. Usiukimbize. Unakoroga taratibu, utaona uji unakuwa mzito, halafu unalegea wenyewe na kuanza kung'aa, na ukionja umekuwa mtamu bila kutia kitu. Ukiona hivyo ongeza kuni uchemke. Kisha uache upoe mpaka ukitia kidole unahisi uvuguvugu tu.

Maji ya ndizi, nyalu, yanakuwa yameshakaa siku tatu au nne yakachachuka yenyewe. Unayachuja, unachanganya na ule uji, unafunika. Usiku huohuo inaanza kusema. Ukilala chumba cha jirani na pipa unaisikia, kama mvua ndogo juu ya majani makavu ya mgomba. Mama yangu alikuwa anaamka saa nane za usiku kwenda kuisikiliza. Ikinyamaza mapema alijua kuna kitu hakiko sawa.

—

Mangi_Tarakea

Mama Mso shikamoo. Yote uliyosema ni kweli, lakini Kihamba_Uru nakupinga kwenye hilo la ndizi kuleta sukari tu. Huku Rombo ukichanganya ndizi za aina mbili unapata pombe nyingine kabisa. Na ukichemsha nusu saa na ukichemsha mpaka mchana kutwa si kitu kimoja. Ile rangi nyekundu na ule utamu ulioungua kidogo, unaofanana na asali iliyokaa jikoni, ni wa ndizi zilizopikwa muda mrefu. Ulezi hauwezi kukupa hiyo.

Na ndizi ya kuvundika kwenye gunia mjini si ndizi iliyoivia darini juu ya jiko la kuni. Inaingia moshi kidogo. Mimi nausikia.

—

Kihamba_Uru

Mama Mso, shikamoo na asante sana. Hilo la kukoroga kwenye maji baridi na moto mdogo sikuwahi kuambiwa, mimi nilimwaga unga kwenye maji yanayochemka. Mangi_Tarakea, nimekusikia kuhusu dari. Bibi alikuwa na dari la namna hiyo na nguo zake zilinukia ndizi mbivu mwaka mzima.

—

Mfamasia_Mbuyuni (Moshi)

Niongeze kidogo kwa nini maelezo ya Mama Mso ni sahihi kuliko anavyodhani. Nafaka ikiota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari. Vinafanya kazi vizuri uji ukiwa na joto la nyuzi 60 hadi 65 hivi, na ukichemka vinakufa. Ndiyo maana moto mdogo: unavipa muda wa kufanya kazi kabla ya kuviua. Ule uji "unaolegea wenyewe" ndio wanga unaovunjika mbele ya macho yako. Ukimwaga unga kwenye maji yanayochemka, umeviua kabla havijaanza.

Jambo la pili ni la usalama, na naomba mlichukulie kwa uzito. Kimea kikikauka polepole kinaota ukungu, na ukungu unaweza kuacha sumukuvu. Hii sumu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Kimea chenye madoa ya kijani au meusi, au kinachonukia kama nguo zilizofungiwa na unyevu, mwageni. Msiwape hata kuku.

—

Mchaga_Ughaibuni (Ubelgiji)

Nimeusoma uzi huu nikiwa kwenye treni nikapitiliza kituo changu.

Naishi jimbo la Hainaut, na huku kuna pombe ya shambani inaitwa saison, maana yake msimu. Wakulima waliipika majira ya baridi wakati hakuna kazi shambani, ikakaa mpaka kiangazi wakawapa vibarua wa mavuno. Kiwanda cha Dupont kiko kijiji cha Tourpes, ndani ya shamba, na pombe inapikwa hapo tangu 1844. Ile yao ina kilevi cha asilimia 6.5. Nilipoionja mara ya kwanza nilitafuta utamu sikuuona. Ni kavu, ina gesi nyingi, ina harufu ya pilipili manga na ganda la limau, na wala hakuna aliyetia pilipili wala limau. Vyote hivyo vinatoka kwenye chachu, yaani vile vidudu vinavyokula sukari. Niliwaza mbege mara moja, ingawa ladha zake hazifanani hata kidogo. Kinachofanana ni kwamba mpishi anaweka nafaka na maji, halafu tabia ya pombe inaletwa na kitu asichokiona.

Lakini hapa Kihamba_Uru kuna kitu kitakushangaza. Ufini wanapika pombe ya shambani inaitwa sahti, na tangu 2002 jina hilo linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Wanatumia kimea cha shayiri na cha rai (nafaka inayofanana na ngano, rye kwa Kiingereza), wanachuja kwenye mtumbwi wa mti uliotandikwa matawi ya mreteni, na wanaumua kwa hamira ya mkate. Hamira hiihii ya dukani. Na sahti nzuri inanukia ndizi mbivu! Kule hakuna mgomba hata mmoja. Ni kwamba chachu ikifanya kazi kwenye joto inatoa kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake.

Kwa hiyo usiilaumu hamira peke yake. Wao wana hamira na wana kimea. Wewe ulikuwa na hamira bila kimea, ikabaki inakula sukari ya ndizi tupu.

—

Mama_Mso

Mwanangu wa Ubelgiji, nimefurahi kusikia hao wenzetu wa mtumbwi. Lakini hamira kwa mbege mimi siikubali, na sababu yangu siyo ubishi. Hamira ina haraka. Inamaliza kazi usiku mmoja, na ule uchachu unakuwa haujapata nafasi ya kuingia. Nyalu ikikaa siku zake tatu inachachuka taratibu, na ndiyo inayofanya mtu ameze halafu mdomo ujae mate anyanyue tena kata. Ukitia hamira unapata kilevi tu.

Mimi nikimaliza kuuza nabakiza machicha chini ya pipa. Silioshi pipa kwa sabuni, nalisuuza maji ya moto na kulianika. Ile iliyobaki ndiyo inaanzisha inayofuata.

Na kuna vilabu mjini vinatia sukari na hamira na rangi ya chai, mtu anakunywa kikombe kimoja kichwa kinauma siku mbili, halafu anaenda kusema mbege mbaya. Hilo linaniuma sana.

—

Mchaga_Ughaibuni

Mama Mso, shikamoo. Norwe magharibi, sehemu za Voss, wakulima wanafanya kama wewe. Chachu yao inaitwa kveik. Walikuwa wanatumbukiza pete ya mti iliyochongwa kwenye pombe inayoumuka, inajaa chachu, wanaining'iniza ikauke mpaka safari nyingine. Imerithishwa kwa watu wa nyumba na majirani kwa vizazi. Na inavumilia joto la nyuzi karibu 40 bila kuharibu ladha. Pipa lako ndiyo pete yako.

—

Nshomile_BK

Wachaga mnachemsha ndizi, sisi Bukoba hatuchemshi. Lubisi yetu, ndizi mbivu zinakanyagwa kwa miguu bila kupikwa, pamoja na majani ndani ya mtumbwi wa mti, maji yanachujwa, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa. Ladha ya lubisi ni nyepesi, tunda lenyewe unalisikia, na ule mtama unaleta harufu ya kitu kilichookwa. Mbege niliinywa Marangu kwenye harusi ya rafiki yangu. Ilinishinda kikombe cha kwanza, nzito mno. Cha pili nikaelewa kwamba siyo ya kugugumia. Unakunywa huku unatafuna.

—

Binti_Tengeru

Huku kwetu Meru tunapika pia pombe ya ndizi, ila mimi nataka kuuliza kuhusu msesewe, lile gome la mti linalotiwa kuleta uchungu. Kila mtu anausema, hakuna anayesema kiasi. Jumamosi nimeona magome sokoni Tengeru nikaogopa kununua.

—

Mama_Mso

Binti, hata kuogopa ni vizuri. Gome likauke kivulini, litwangwe, na kwa ndoo ya lita 20 mimi natumia kiasi kinachojaa vidole vitatu, siyo kiganja. Napika pamoja na uji wa kimea. Likizidi, pombe inakuwa chungu kama dawa na hakuna wa kuinywa. Likikosa kabisa, mbege inakuwa tamu inayokinai, na kesho yake tu imeshageuka siki. Ule uchungu ndio unaoshika utamu usikimbie.

—

Mfamasia_Mbuyuni

Msesewe kitaalamu ni Rauvolfia caffra. Ni ndugu wa ule mmea wa India ambao miaka ya 1950 ulitoa reserpini, dawa ya kushusha presha. Kwa hiyo si gome la kuchezea. Mtu anayetumia dawa za presha au za moyo azungumze na daktari wake kwanza. Na usinunue gome ambalo muuzaji hawezi kukwambia limetoka mti gani.

—

Mangi_Tarakea

Hapo kwenye kugeuka siki ndipo penye siri ya mbege kwa maoni yangu. Watu wanabishana ladha ya mbege kama vile ni moja. Mbege ina saa. Jioni ya siku ya kuchanganya bado ni tamu, karibu na togwa. Kesho yake asubuhi inaanza kuchangamka. Kesho yake kuanzia saa nne mpaka jioni, hiyo ndiyo mbege: utamu umepungua, uchachu umeingia, uchungu unausikia ukishameza. Siku inayofuata ni ya wazee wanaopenda kali. Baada ya hapo ni siki.

Baba yangu hakuwahi kuuliza "mbege nzuri iko wapi." Alikuwa anauliza "imechanganywa lini?"

—

Kihamba_Uru

Wakuu, narudi na majibu. Nilishuka Uru Ijumaa ya wiki ya posa, nikamkuta shangazi ameshaotesha ulezi kwa sababu hakuniamini. Akaniacha nifanye mwenyewe kila kitu, yeye amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko anachambua maharage.

Ndizi zilivundikwa darini na zilikuwa zimeshapikwa tangu Jumanne, nyalu iko tayari. Nikakoroga mso kwenye maji baridi, nikaweka motoni, nikatoa kuni mbili zikabaki mbili. Dakika kumi hakuna kitu, uji unakuwa mzito tu, mkono unauma. Nikataka kuongeza moto. Shangazi hakunyanyua macho, akasema, "Acha." Nikaendelea. Halafu nikausikia kwenye mwiko kabla ya kuuona: ule uzito ukaachia. Mwiko ulikuwa unasukuma, ghafla ukawa unateleza. Nikaangalia, uji unang'aa kama umepakwa mafuta. Nikaonja. Mtamu! Hakuna sukari humo, ni ulezi na maji. Wakuu, nimekunywa mbege na uji wa ulezi maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuuona wanga ukigeuka nikiwa nimeshika mwiko.

Msesewe vidole vitatu, kama Mama Mso alivyosema. Shangazi akaupunguza kidogo, akasema gome la mwaka huu ni kali.

Usiku nililala chumba cha pembeni. Saa saba nikaisikia. Mama Mso umesema mvua ndogo kwenye majani makavu, na siwezi kupata maneno mengine.

Asubuhi nikachota nikampelekea shangazi. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akatema chembe za ulezi kiganjani akazitazama. Akasema, "Bado. Saa nne." Sasa hapo ilikuwa saa mbili na wageni wanafika saa nne na nusu. Nikaonja na mimi. Utamu ulikuwa bado unatangulia, uchachu uko nyuma unakuja. Saa nne kamili nikachota tena, na katika hizo saa mbili ilikuwa imebadilika kabisa. Utamu umesogea, uchachu uko katikati, na ukishameza unakuja uchungu mdogo unaokaa muda mrefu. Harufu ni ya ndizi mbivu na moshi, kwa mbali udongo uliolowa. Harufu ya mkate haipo hata chembe.

Mangi_Tarakea, nakubali nilikosea. Ndizi siyo sukari tu, ule moshi wa dari nimeusikia. Ila kwenye ulezi bado sijabadilika. Ndizi unaionja mwanzoni, na ulezi ndio unaobaki nao.

Wazee wa upande wa pili walikunywa, na mmoja wao, mzee wa makamo ya babu yangu, akauliza imechanganywa lini. Nikasema jana jioni. Akatikisa kichwa taratibu, akainua kata tena.

—

Binti_Tengeru

Hongera sana! Umebakiza? Nina kaka yangu Dar anaitamani miaka mingi, nikimtumia kwenye dumu kwa basi la asubuhi itafika salama?

—

Kihamba_Uru

Usijaribu. Mbege inapumua muda wote, dumu ukilifunga litavimba kabla hujafika Korogwe, na ukilegeza mfuniko itamwagikia mizigo ya watu. Hata ikifika, itakuwa ni ya siku nyingine na ladha nyingine. Mwambie kaka yako apande basi yeye. Shangazi anachanganya tena Ijumaa jioni, kwa hiyo Jumamosi saa nne awe ameshafika Uru.